Kinyonga wa Kinole na Filamu ya Bagamoyo

Kwa miaka minne mizima niliamini kwamba kinyonga hunyonya rangi za filamu. Ukimpiga picha mara moja tu, basi picha zote zilizomo kwenye filamu ile, za kabla yake na za baada yake, zinatoka nyeusi na nyeupe. Sikuamini nusunusu. Niliamini kwa moyo wote, nikawafundisha na wengine, na wengine hao ni ninyi, wenzangu wa masomo ya jioni, mnaoniuliza kila tukikutana safari ya Kinole ilikuwaje, na mbona nimerudi na kazi mpya lakini habari za vinyonga sitaki tena kuzisikia. Haya, kaeni niwaambie.

Imani ile ilianza na filamu yangu ya kwanza. Nilikuwa nimepunguzwa kiwandani, na kwa kuwa zilikuwa zama za ruksa, vitu vimejaa madukani mpaka vinamwagikia barabarani, nikajinunulia kamera ya mtumba yenye uzito wa tofali. Nikapanda peke yangu vilima vya nyuma ya Kigurunyembe. Nikapiga maua, nikapiga machweo mekundu kama kaa la moto, nikapiga na kinyonga mmoja aliyekuwa akivuka njia kwa mwendo wa mtu aliyeitwa polisi. Picha zilipotoka, kila kitu kilikuwa cha kijivu. Machweo yangu yalionekana kama jivu la jana.

Aliyezisafisha ni Mloka, mwenye studio mnayoijua pale karibu na soko. Mloka ni Mluguru. Mimi ni Mnyamwezi. Baba yangu aliletwa Morogoro na mkonge, nami nikazaliwa hukuhuku. Kwa hiyo ni watani, na watani mnawajua: ananitukana, namtukana, ananivua kofia, nakunywa chai yake, na hakuna wa kununa. Siku ile alizitazama picha zangu, akanitazama mimi, uso mkavu kabisa.

"Humu umempiga kinyonga?"

"Nimempiga."

"Basi. Kwani zile rangi zake unadhani huzitoa wapi?"

Sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Wiki ileile mwalimu wa baiolojia alikuwa ametufundisha osmosisi, na mambo mengine nikayaunganisha mwenyewe. Boksi la filamu ile nililitunza kama kumbukumbu ya msiba. Nikaweka ndani yake sindano na uzi, nikawa nasafiri nalo kila niendako. Kiingereza chake sikukisoma, maana wakati ule Kiingereza nilikitazama kama mtu anavyotazama treni ya bara ikipita.

Sasa ndipo akatokea mzee mmoja wa Dar, mwenye kiwanda cha kuchapa kalenda. Siku hizi kila kampuni inataka kalenda yake. Aliziona picha zangu, akaniita.

"Kijana, simba na twiga watu wamechoka. Nataka kalenda inayoanzia baharini na kuishia mlimani. Nasikia Uluguru yuko kinyonga mwenye pembe tatu. Niletee bahari, niletee na huyo. Ukileta, wewe ndiye mpiga picha wangu mwaka mzima, utazunguka pwani yote mpaka Mtwara. Ila Ijumaa ndiyo mwisho. Yuko mwenzio anangoja."

Bahari nilikuwa nimeshaimaliza. Juma lililotangulia nilikwenda Bagamoyo peke yangu, nikasimama kwenye matope ya mikoko tangu alfajiri, maji kiunoni (kwa wengine nimesema shingoni, lakini ninyi ni marafiki). Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wakaruka mbele yangu kama mia elfu hivi, anga likawa la waridi. Picha ishirini na nane nilizipiga pale, na zilikuwa bado ndani ya kamera, zimebaki nafasi nane. Kaka zangu, picha zile nisingeweza kuzirudia. Heroe hawapangi foleni mara mbili.

Kwa hiyo nilikwenda Kinole, kijiji cha huko Uluguru, na mpango wa kisomi. Nafasi nane za filamu ya Bagamoyo ningezimaliza kwa mandhari ya milima. Kisha ningeitoa, niiviringe kwenye mfuko mweusi, ndipo niweke filamu ya pili, ya kafara, ya kumpigia kinyonga. Anyonye mpaka ashibe.

Mjini hadi Mkuyuni

Nilipanda lori lililokuwa likifuata ndizi. Juu tulikuwa abiria kumi na mmoja na mapipa matupu manne, na mapipa ndiyo yaliyokuwa na nafasi nzuri. Stendi yangu ya kamera, ya miguu mitatu, niliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, niliikumbatia kama mgonjwa.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kijito kimoja kabla ya Mkuyuni lori likazama tope mpaka ekseli. Utingo akaruka chini, akalizunguka mara mbili mikono kiunoni, akatoa hukumu:

"Wanaume chini, wasukume. Wanawake chini, wacheke."

Tukasukuma. Wakacheka. Saa tatu nzima tulikuwa pale, tukikata matawi na kuyasokomeza chini ya matairi, na kila gurudumu likizunguka mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake. Tulipotoka, rangi yangu na ya barabara ilikuwa moja. Mama mmoja akauliza abiria tulikuwa kumi na mmoja, mbona anahesabu kumi.

Mkuyuni nilifika nina njaa ya simba watatu. Nikanunua fenesi, tena zima. Muuzaji akanionya nipake mafuta mikononi kwanza, nami nikamjibu kwamba mimi si mgeni wa fenesi. Kumbe ni mgeni. Ulimbo ulininasa vidole vyote kumi, nikawa kama nimevaa glavu. Nilipojaribu kufuta jasho, mkono ukabaki kwenye paji la uso.

"Kaka," muuzaji akaniambia kwa upole, "sasa unapiga saluti kwa nani?"

Akanisugua kwa mafuta ya taa, kidole kimojakimoja, kama anayeosha kuku. Lakini lilikuwa tamu. Nalikumbuka mpaka sasa, na harufu ya mafuta ya taa pamoja nalo.

Mkuyuni hadi Kinole kwa miguu

Njia ya Kinole haipandi, inasimama. Kila nilipodhani nimefika kileleni, kilele kilikuwa goti tu la mlima mwingine. Akina mama walinipita wakiwa na mikungu ya ndizi kichwani, wanapiga soga, hata hawapumui kwa nguvu. Mmoja aliniuliza kama ninaumwa.

Lakini uzuri! Migomba imeshonwa kwenye miteremko kama viraka vya kanga, ukungu unapanda kutoka bondeni, maji yanaporomoka meupe kila upande. Nikasahau miguu. Nilipofika shamba moja ukingoni mwa kijiji nikasimamisha stendi, nikafunga kamera juu yake, nikafumba jicho moja.

"Unapima nini?"

Nyuma yangu walikuwa wanaume wawili wenye mapanga ya kazi, na nyuso zisizo na kazi ya kucheka.

"Sipimi. Napiga picha."

"Mpima ardhi wa mwaka juzi naye alikuwa na miguu mitatu hivyohivyo. Na kijicho hivyohivyo."

Nikapelekwa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa akiangalia stendi. Ilikuwa imevuma kwamba wawekezaji wanakuja kuchukua milima, na kwamba watatanguliza mtu mmoja mpole mwenye begi. Nilikuwa mpole. Nilikuwa na begi.

"Mwenyekiti, mimi sitaki ardhi yenu," nikasema. "Mimi natafuta kinyonga tu."

Wale wenye mapanga wakarudi nyuma hatua moja. Nikajua nimekosea. Mtu anayetafuta ardhi ni mwizi, lakini mtu aliyetoka mjini kuja kutafuta kinyonga, mnyama ambaye wao wakimwona wanapita mbali, huyo ana mambo mengine. Wakazungumza Kiluguru kwa haraka, nami nikashika neno moja tu, "kamera".

Ndipo akaingia mwenye shamba nililosimamisha stendi. Huko ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye shamba alikuwa Bi Zaituni, mwanamke wa makamo, mrefu, kanga kiunoni, jembe bado begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Jembe likaanguka chini.

"Mnyamwezi! Mwenyekiti, mmemfunga mtani wangu! Huyu mpagazi tu, hajui hata kupima chumvi, ardhi atapimia nini?"

"Na ninyi Waluguru," nikamjibu, maana hapo ndipo uhai wangu ulipokuwa, "mguu mmoja mrefu mmoja mfupi kwa kukaa mteremkoni. Mkija mjini mnazunguka mahali pamoja!"

Wakacheka wote, mwenyekiti akavua kofia akajifuta machozi. Nikawa huru. Lakini mtani akikukomboa lazima ajilipe, na Bi Zaituni hakuchelewa. Akaingiza mkono kwenye begi langu kama linatoka chumbani kwake, akaibuka na kikopo cheusi cha plastiki.

"Hiki changu. Cha ugoro."

"Mama, hapana, humo mna..."

Alishafungua. Akavuta. Filamu ya kafara ikatoka yote, ndefu, inang'aa kwenye jua la dirishani, imeshaungua kwa mwanga, akaishika juu kwa vidole viwili.

"Utumbo wa nini huu?"

Kulalamika siwezi. Mtani akichukua, amechukua. Ukinuna, umeuvunja utani, na utani ndio ulionitoa kwenye yale mapanga. Nikacheka pamoja nao huku moyoni nimefiwa. Bi Zaituni akajaza ugoro wake kwenye kikopo, akakipigapiga kifuniko, akaniambia twende nyumbani nikale.

Alinipikia magimbi na kisamvu cha nazi. Nilikula sahani nne. Ya tano nilikula kwa sababu ya huzuni. Ndipo nikamweleza shida yangu yote: kinyonga, Ijumaa, kazi ya mwaka mzima, heroe ishirini na wanane wa Bagamoyo (niliwahesabu hivyo, picha moja heroe mmoja), na jinsi sasa nilivyobakiwa na filamu ileile moja, ambayo kinyonga akiitazama tu, bahari yote inakauka rangi.

Bi Zaituni alisita kunusa ugoro wake.

"Nani kakwambia kinyonga hunyonya rangi?"

"Mloka wa studio. Mluguru mwenzenu."

"Mtani wako?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akajipiga mapaja kwa viganja, akajifunika uso kwa kanga, akafunua, akanitazama, akaanza upya.

"Mtani kakwambia, nawe ukaamini! Mpige, baba. Mpige hata mara mia. Hakufanyi kitu."

Nikatabasamu kwa ujanja. Mimi si mjinga, nikawaza. Mama huyu ametoka kuniharibia filamu moja mchana huuhuu, tena akicheka. Sasa anataka niiharibu na ya pili. Mtani mimi simwamini hata kidogo.

Ukingoni mwa msitu

Asubuhi Bi Zaituni alinitangulia mpaka mahali ambapo mashamba yanakoma na msitu unaanza. Ukungu ulikuwa mzito kama uji. Akasimama mbali, akajifunika kanga kichwani, akanyoosha mkono.

"Yule pale kwenye kichaka. Mimi sisogei. Rangi hanyonyi, lakini sura yake siipendi."

Nikasogea. Jamani. Nimeona mambo, lakini yule! Pembe tatu, moja puani na mbili juu ya macho, kama faru aliyeongezewa. Mgongo kijani kibichi, ubavuni madoa ya njano, na kila jicho linatazama linakotaka: moja linanitazama mimi, jingine linamtazama Bi Zaituni. Alikuwa ameshika kitawi kwa mikono ya mzee anayeshika fimbo. Nikasahau baridi, nikasahau umande uliokuwa umenilowesha mpaka magotini.

Kisha ukungu ukapasuka. Jua likapita katikati ya majani, likamwangukia yeye peke yake, akawaka kama taa.

Nikaweka kidole kwenye kitufe, nikakiondoa. Ndani ya kamera mlikuwa na Bagamoyo. Nikiacha, nina bahari lakini sina kinyonga, na mzee wa kalenda alishasema: vyote viwili. Nikipiga, huenda nisiwe na chochote, nirudi mjini na heroe wa kijivu, nikaanze kutafuta kibarua cha kupakia makabichi. Kinyonga akainua mguu mmoja, akautikisa mbele na nyuma, anapima kuondoka.

"Anakwenda!" Bi Zaituni akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka kule Turiani. "Piga, mpagazi!"

Hapo akili ya shule ikanijia. Kunyonya kunahitaji muda. Osmosisi haina haraka! Nikaweka kasi ya mwisho kabisa ambayo kamera yangu inayo, nikalenga, nikabonyeza mara moja, hapohapo nikafunika lenzi kwa kofia, kamera nikaitumbukiza ndani ya koti, nikakimbia hatua ishirini.

Bi Zaituni alinitazama nikimpita.

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Si bado yupo? Kakaa palepale, anakungoja wewe. Mpige na ubavuni, mpige na akiwa amesimama!"

"Mama, asante. Utani wako nimeujua."

Akatikisa kichwa. Akanipa mkungu wa ndizi nimbebee mpaka Mkuyuni, kwani, alisema, mpagazi hashuki mtupu. Niliubeba. Wala sikuhisi uzito. Nilikuwa na furaha ya kutosha kubeba na shamba lenyewe.

Msamvu hadi Dar

Ijumaa alfajiri nilipanda basi kwenye kituo cha Msamvu, kamera mapajani, na njia nzima sikuzungumza na mtu, jambo ambalo ninyi mnajua halijawahi kutokea. Dar nikaenda moja kwa moja kwenye duka moja lenye mashine mpya za kusafisha picha za rangi. Dada wa kaunta akaniambia ningoje saa moja. Nilikunywa soda tatu. Nilikwenda mlangoni na kurudi mara hamsini, mlinzi akaanza kunishuku.

Dada akaniita. Akamwaga picha juu ya kaunta.

Waridi! Heroe wa waridi, anga la dhahabu, mikoko ya kijani, bahari ya samawati! Na juu ya wote, mfalme wangu wa pembe tatu, anang'aa, kila doa la njano mahali pake. Nikapiga kelele mpaka mteja aliyekuwa akipigwa picha ya pasipoti akaruka kwenye stuli.

"Hongera, kaka," dada akasema. "Ila filamu hii umeacha nafasi saba hazijapigwa. Ulikuwa na haraka?"

"Sana," nikasema kwa majivuno.

Mzee wa kalenda aliweka miwani, akazitazama moja baada ya moja. Kwa kinyonga akakaa muda mrefu.

"Huyu," akasema, "huyu ningemweka jaladani. Ila jalada langu ni la kusimama, na hii ni ya kulala. Unayo ya kusimama?"

"Sina."

"Ulimwona akakimbia?"

"Hapana. Alikuwepo. Mimi ndiye niliyekimbia."

Alinitazama juu ya miwani, akaamua kutouliza. Kinyonga akapewa mwezi wa Julai, heroe wakapewa mitatu, mimi nikapewa kazi ya mwaka mzima na mkono wa nguvu. Jaladani akawekwa twiga. Twiga yuleyule.

Kurudi mjini

Nilishuka Msamvu nikakimbilia studio kwa Mloka kabla hata ya kwenda nyumbani. Nikampangia picha juu ya meza, nikakunywa chai yake, nikamsimulia yote kwa mikono miwili: pembe, jua, ulimbo, mapanga. Nikamalizia na ugunduzi wangu.

"Kwa hiyo, mtani, siri ni kasi. Nimemshinda! Nimempiga moja, haraka, nikafunika kabla hajaanza kunyonya. Ningempiga mbili tu, ningekwisha."

Nilingoja anitukane. Mloka hakucheka. Alikuwa ameshika picha ya kinyonga kwa ncha za vidole, kama fundi anayeishika kazi nzuri.

"Nafasi saba ulikuwa nazo?" akauliza taratibu.

"Saba."

"Na jalada likaenda kwa twiga."

"Ndiyo hivyo."

Akaiweka picha chini.

"Lile boksi lako la sindano unalo hapo?"

Nikalitoa begini. Akamwaga sindano na uzi kwenye kiganja changu, akaligeuza boksi, akaniwekea mbele ya macho upande ambao miaka minne sikuwahi kuutazama. Maneno matatu ya Kiingereza, makubwa, hata mtoto wa kidato cha kwanza anayasoma.

"Maganga," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuniita mtani. "Ile filamu ulinunua ya nyeusi na nyeupe."